Kimea Kwenye Kitanda cha Baba

Kila ninapopita soko la Kitale upande wa wauza nafaka, naharakisha. Kuna mama mmoja pale anayeuza kimea cha wimbi kwa kopo la gorogoro, na wateja wake wengi ni wapika pombe ya busaa wa mtaa wa Kipsongo. Hajanikosea chochote yule mama. Ananiita kastoma, ananisalimia vizuri, na anajua sitanunua. Shida ni ile harufu. Ni tamu kidogo, ni chachu kidogo, na ina udongo ndani yake. Wenzangu wa rika langu wakisikia harufu ya kimea wanakumbuka sherehe, mirija mirefu ya kunywea, wazee wakicheka wakiwa wamezunguka chungu. Nawaonea wivu. Mimi namkumbuka mama akiwa amepiga magoti mbele ya gunia, akigeuza mbegu kwa vidole huku akiangalia mlimani kama kuna wingu.

Niseme mapema kilichokuwa kinaendelea, kwa sababu mimi mwenyewe wakati ule sikuambiwa. Baba alitaka mtoto wa kiume. Mama alikuwa amenizaa mimi na mdogo wangu Naliaka, halafu basi. Baba na jamaa zake wa Bungoma wakaamua aletwe mke mwingine. Katika ukoo wa baba mke wa pili haingii kimyakimya: wazee wanakunywa busaa, na kimea cha hiyo busaa lazima kitoke kwenye mkono wa mke aliye ndani. Kikiwa kizuri, amekubali mwenzake aje. Kikioza, inasemwa ameilaani nyumba, na anarudishwa kwao siku hiyohiyo, watoto wakibaki. Kwa hiyo msimu ule mama alikuwa anapigania kubaki na sisi, na alichopewa cha kupigania ni gunia moja la wimbi.

Tulikuwa tunaishi nje kidogo ya Endebess, kwenye shamba ambalo mama alilifungua mwenyewe kwa jembe baba akiwa barabarani. Baba alikuwa dereva wa lori la maziwa, mtu wa kofia na miluzi, na tulimpenda sana. Lazima niliseme hilo, hata kama linaniuma. Tukisikia lori tulikimbia mpaka barabarani, naye alisimama akatupakia, hata kama nyumba ilikuwa palepale mbele, ili tushuke mbele ya watoto wa majirani kama watu waliotoka safari. Hakuwahi kutupiga. Mama ndiye aliyetupiga, na kwa hesabu zangu za utotoni hilo lilimfanya baba kuwa mtu mzuri na mama kuwa mtu wa kuvumiliwa.

Siku baba alipoleta ile wimbi, aliishusha uani akajipangusa mikono.

"Mama Nekesa, hii ni ya ile shughuli ya nyumbani. Wazee wanataka kimea."

Nekesa ni mimi. Mama aliliangalia gunia, halafu akaangalia upande wa Mlima Elgon, ambako mawingu yalikuwa yameshaanza kushuka.

"Mwezi huu? Si unaona huku inanyesha kila mchana. Peleka Mabanga kwa mamako, huko kuna jua, itakauka haraka."

"Wamesema itoke kwa mkono wako, kwa nyumba yako."

"Mkono wangu unaweza panda gari uende Bungoma."

"Mama Nekesa, usinianzie bana." Baba alikuwa ameshashika mlango wa lori. "Boma inataka kijana. Wazee wamesema wataleta. Itabidi uzoee."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na gurudumu, na nilisikia kila neno. Nilifurahi karibu nipasuke. Nilijua watoto huletwa. Naliaka mwenyewe aliletwa kutoka hospitali ya Kitale, ndani ya leso, kwa gari, na siku ile watu walikula na kunywa. Sasa wazee wangetuletea kijana, mdogo wetu wa kiume, na mama alikuwa ameambiwa atengeneze kimea cha kumpokea. Nilikimbia nikamwambia Naliaka, na kabla ya jua kuzama nusu ya watoto wa Endebess walikuwa wanajua. Nilishangaa tu kwamba mama hakuwa ameanza kushona nguo ndogo.

Alianza kazi kesho yake. Aliosha mbegu mpaka maji yakatoka meupe, akazilowesha kwenye karai, kisha akazichuja na kuzifunga kwenye gunia bichi alilolifunika kwa majani ya ndizi, akaweka mawe juu, kwenye kona ya jikoni isiyopigwa na upepo. Hatukuruhusiwa kufunua. Mama peke yake ndiye aliyeingiza mkono, asubuhi na jioni, na siku alipoutoa akasema kimeshapata homa, tulijua kimeota. Alifungua, mvuke ukatupiga usoni. Mbegu zilikuwa zimeshikana kwa vimizizi vyeupe, blanketi zima, na ilibidi tuzichambue taratibu kwa vidole bila kuzivunja. Tulikula nyingi. Kimea kibichi ni kitamu, na mama alijifanya haoni.

Kisha kukausha, na hapo ndipo moyo wake ulipokuwa. Alianika kwenye magunia mbele ya nyumba, umande ukishatoka tu, na aliniweka mimi na Naliaka tulinde. Kuku walituchukia. Mama alikuja kila baada ya muda kugeuza, akachota kidogo, akasugua kati ya viganja na kupuliza. Vimizizi vikianguka vyenyewe, kimekauka. Vikishikilia, bado kina maji ndani, na kimea chenye maji ndani kinaota ukungu ndani ya gunia na kunuka kabla hata hakijafika kwenye jiwe la kusagia. Kila mchana kabla ya mvua tulikianua na kukiingiza ndani. Kila asubuhi tulikitoa. Nyumba nzima ilinuka kimea, pamoja na nguo zetu za shule.

Mimi niliimba nikilinda. Nilikuwa nimetunga wimbo wa mdogo wetu, na nakumbuka nilimuuliza mama, "Utamwita nani?"

"Nani?"

"Kijana."

Mama alikuwa anasugua mbegu kwenye viganja. Hakuacha kusugua. Baadaye akasema, "Watamwita wenyewe," akaenda jikoni. Nilifikiri amenikasirikia kwa kusema jina kabla mtoto hajafika, kwa kuwa watu wazima walikuwa na mambo mengi ya namna hiyo. Niliacha kuuliza, lakini sikuacha kuimba. Leo nikifikiria mama akinisikiliza kutoka jikoni nataka kuziba masikio yangu mwenyewe.

Jirani yetu, Mama Njeri, ambaye familia yao ilihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri, alipitia kwa ua siku moja akiwa na kibuyu cha mbegu za mboga. Aliona magunia, akasimama.

"Mama Nekesa, ati ni kweli? Unamtengenezea pombe na mikono yako?"

"Ni kimea tu, Mama Njeri."

"Mimi ningemwaga kwa choo. Haki ya Mungu ningemwaga, halafu wanifanye chenye wanataka."

"Ukimwaga wewe, watoto wako wanabaki wako," mama akasema. "Sisi si hivyo."

Mama Njeri aliniangalia mimi, kisha akamwangalia Naliaka. Alituwekea mbegu zake kwenye jiwe akaondoka bila hata kuomba maji. Mimi niliamua kwamba amekasirika kwa sababu kanisa lao linakataza pombe, na nikamwona mtu wa kujifanya. Kwa muda mrefu sikuenda kucheza na Njeri.

Kimea kilikuwa kimebakiza jua la siku moja, labda mbili, Senge alipokuja. Senge ni dada yake baba, mwanamke mrefu wa sauti nzito, na alitoka Bungoma na mkoba mdogo tu. Alisema ametumwa kuangalia kazi imefika wapi. Alichota kimea, akanusa, akasema si mbaya.

"Nisindikize soko ya Endebess," akamwambia mama. "Mimi sijui hawa watu wa huku, wataniuzia viazi mbovu."

"Senge, mchana ni mvua. Sasa nani ataanua?"

"Tutaludi mbio. Kwani mi nitarara huko?"

Huyo ni Senge kabisa. R na l zilikuwa zinabadilishana nafasi mdomoni mwake na sisi tulicheka kimyakimya. Mama hakucheka. Alisimama na leso mkononi, akaangalia mlima, akaangalia magunia, akatuangalia sisi. Sikujua kwamba mke hawezi kumkatalia wifi aliyetumwa na ukoo, hasa mke ambaye wanamhesabia makosa. Niliona tu mama yangu akijifunga leso polepole sana.

"Nekesa," akasema, "usitoke hapa. Ata kama nani anakuita."

Walikuwa wameshapotea kwenye mahindi mlima ulipogeuka mweusi. Mvua ya Endebess haibishi hodi. Unasikia kwanza kwenye mahindi ya jirani, sauti kama ya watu wengi wakikimbia, na ukishaisikia umechelewa. Nilimpigia Naliaka kelele. Tulishika gunia la kwanza pembe kwa pembe, likatushinda uzito, tukalikunja na kuliburuta. Matone ya kwanza yalinipiga mgongoni nikiwa kwenye mlango. Jikoni kulikuwa kunavuja, nilijua. Sebuleni sakafu ilikuwa ya udongo wenye unyevu, na mama alikuwa ametuonya kuhusu unyevu. Nyumbani kwetu palikuwa na mahali pamoja tu pakavu na papana: kitanda cha baba, chenye godoro la sponji na shuka lenye maua ambalo hatukuruhusiwa hata kulikalia. Tulimwaga kimea pale. Tukarudi, tukaburuta la pili, tukamwaga. La tatu liliguswa na maji kwenye ukingo, nikachambua mbegu zilizolowa nikaziweka kando kwenye sinia, kama nilivyomwona mama akifanya. Naliaka alikuwa analia kwa baridi. Mimi nilikuwa nafikiria kijana wetu, kwamba sasa hawatakuwa na sababu ya kutomleta.

Mama alifika kwanza, akiwa amelowa mpaka mifupa, bila viatu. Nadhani alikimbia njia nzima. Alipoona uani hakuna magunia alishika nguzo ya mlango. Kisha akaingia chumbani na kuona kitanda. Mimi nilijikunja nikingoja kipigo kwa ajili ya shuka. Badala yake alipiga magoti, akaingiza mikono yote miwili ndani ya kimea mpaka kwenye viwiko, akakaa hivyo, mabega yakitikisika. Nilidhani anacheka. Nikacheka pia.

Senge aliingia muda mrefu baadaye, na mwavuli. Alisimama mlangoni akatazama kitanda.

"Watoto wako umewafundisha," akasema. Haikuwa sifa, hata mimi nilisikia haikuwa sifa, lakini nilidhani ni kwa sababu ya shuka.

Jioni ile mama alimalizia kukausha juu ya bati, jikoni, kwenye makaa yaliyokuwa yanakufa. Ni kazi ya hatari, moto ukizidi kimea kinakufa na busaa haichachi. Aliweka kiganja chake chini kabisa, juu ya bati lenyewe. Kiganja kikishindwa kuvumilia, aliondoa kaa moja. Senge alikaa kwenye kigoda akamwangalia bila kumsaidia. Asubuhi mama alisugua kati ya viganja, akapuliza, na vimizizi vyote vikaruka.

Baba alikuja kukichukua. Nilimngoja barabarani nikiwa nimekariri maneno, kwamba ni mimi, kwamba mvua ilikuja na ni mimi. Nilimwambia yote hata kabla hajazima injini. Uani alifungua gunia, akatia mbegu chache mdomoni, akatafuna polepole. Akamwangalia Senge. Senge akaangalia chini. Baba akatema makapi, akafunga gunia kwa kamba, akalibeba begani. Nilibaki nimesimama na sifa zangu ambazo hazikuja. Nilijieleza kwamba amechoka na safari.

Busaa ilinywewa Bungoma, kwa babu. Tulivalishwa vizuri, mama pia, na alikaa na wanawake akisifiwa mkono wake. Kila mzee aliyevuta mrija aliuliza kimea ni cha nani. Mimi sikukaa. Nilizunguka nyumba baada ya nyumba nikimtafuta kijana. Nilichungulia kila leso. Mwishowe waliingiza msichana aliyefunikwa kichwa, si mkubwa sana kuliko waalimu wa nasari, akitembea na macho chini, na watu wakapiga vigelegele. Nilisogea mbele kabisa, nikaangalia mikono yake, ilikuwa mitupu.

"Mtoto ako wapi?" nikauliza kwa sauti, mbele ya wote.

Waliocheka walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye kiti. "Atakuja," mzee mmoja akaniambia akipangusa machozi, "huyu ndiye atamleta, ngoja kidogo." Baba alicheka pia. Nilimtafuta mama kwa macho, nikamwona anainama kuokota kikombe ambacho hakikuwa kimeanguka. Nilielewa hapo, si yote, lakini nilielewa ya kutosha. Nimesoma, nimeolewa, nimezika watu, na sijawahi kuaibika tena kama siku ile.

Wazee hawakupata kosa. Mke asiye na kosa hafukuzwi, anagawiwa. Mama alipewa kipande nyuma ya jiko la nyanya yetu, kule Mabanga, upana wa kukaushia nguo na kupanda sukuma wiki, na sisi wawili tukapewa yeye. Yule mwingine alipelekwa Endebess, kwenye shamba ambalo mama alilifungua kwa jembe, kwenye nyumba yetu, na nadhani kwenye lile shuka la maua. Kijana alikuja kweli. Ni ndugu yangu, ananipigia simu kila Krismasi, na hana kosa lolote. Mama yake pia sina neno naye, naye aliletwa.

Chuki yangu yote nilimpa Senge. Niliitunza. Nilielewa mapema, nikiwa bado shuleni, kwamba alimtoa mama nyumbani makusudi siku ile, na kuanzia hapo sikuwahi kumpa mkono. Kwenye harusi yangu hakualikwa. Baba aliponitembelea mjini nilimpikia kuku, nikamsimulia habari za watoto, na akinitajia dada yake nilibadilisha mazungumzo. Alikuwa akitabasamu kidogo, akisema, "Wewe una roho ngumu kama mamako."

Mwaka huu baba amefariki. Nililia kwenye mazishi yake mpaka nikashikwa na watu. Senge alikuwepo, mzee sasa, anatembea na mkongojo, na alipokuja kunisalimia nilimpa mgongo mbele ya waombolezaji. Jumatatu yake, wageni wakiwa wamekwenda, nilikuwa na mama uani kwake tukikunja maturubai ya kukodi.

"Senge yako umemwaibisha," mama akasema.

"Anajua alichofanya."

"Anajua. Alikuja hapa akaniomba msamaha, wewe ukiwa kidato cha pili. Akalia sana."

"Na ukamsamehe?"

"Nimsamehe nini? Alikuwa anatumwa."

"Na nani? Na babu?"

Mama aliweka chini upande wake wa turubai. Niliona hakutaka kusema, kwamba angeweza kukaa bila kusema mpaka afe.

"Nekesa. Ni nani aliniletea wimbi mwezi wa mvua?"

Nilibaki nimeshika turubai. Nilitaka kumuuliza baba mwenyewe, lakini tulikuwa tumemzika Jumamosi.